Habari ya Mkoani Ianzie Kwenye Kabrasha

Ukiniuliza mwandishi wa gazeti aliyeko mkoani aanzie wapi, nitakwambia baraza la madiwani, tena siku ya taarifa za kata, ambayo wengi huikwepa kwa kuwa hakuna kigogo wa kupiga picha. Baraza hukutana kila robo mwaka, na madiwani hueleza kilichofanyika na kilichokwama kwao. Ndani ya kabrasha la kikao unaweza kukuta mstari mmoja tu: ukamilishaji wa boma la zahanati, kijiji fulani, asilimia 85. Hiyo ndiyo habari yako. Panda bodaboda uende. Limepauliwa? Wananchi walichangia mawe na mchanga kiasi gani, na halmashauri ikatoa shilingi ngapi? Mtendaji wa kijiji akishakujibu, muulize na mwanakijiji aliyechanga. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kusomewa mapato na matumizi kila baada ya miezi mitatu; kama mwanakijiji huyo hajawahi kuyasikia, umepata habari ya pili. Vivyo hivyo kwa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu: tafuta ni vikundi gani, usiishie kwenye jumla.

Najua nitajibiwa kwamba mhariri Dar es Salaam anataka kujua mkuu wa mkoa kasema nini, na kwamba mwandishi wa kujitegemea hulipwa kwa habari iliyotoka, hivyo msafara wa kiongozi huyo, wenye usafiri na posho, unamfaa kuliko boma lililo umbali wa kilomita 40. Hoja hiyo ina uzito. Kodi ya nyumba haisubiri. Lakini habari ya msafara wanayo wote, na afisa habari ameshairusha mtandaoni kabla hujafika nyumbani. Ya boma unayo peke yako. Nenda kwenye msafara, sawa, ila nenda na kabrasha: mkuu wa mkoa akiruhusu maswali, uliza la zahanati, na hapo mhariri atapata jina kubwa alilolitaka.

Wengine husema ofisi hazitoi nyaraka. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inataka mwombaji ajibiwe ndani ya siku 30 (walioitunga hawakuwa na kurasa za kufunga jioni). Omba kwa barua hata hivyo, igongwe muhuri wa kupokelewa, kisha mfuate diwani wa kata husika, maana naye ana nakala ya kabrasha. Ana lake pia, kwa hiyo tarakimu atakazokupa zipeleke kwa mweka hazina kabla hujaandika.