Somo la Jenereta: Tuliyoyaona Dodoma Wakati wa Mvua



Katika toleo hili tulikusudia kuendelea na somo la kupalilia miche ya mikarafuu, lakini limetokea jambo ambalo twaona halifai kungoja. Basi miche itatusamehe mwezi huu.

Mwezi wa Februari watu wanne wa chama chetu tulikwenda Dodoma kwa shughuli za chama, na wawili kati yetu walikuwa na vijana wao wanaosoma huko Chuo Kikuu. Jioni ya siku ya pili ikaja mvua. Asiyeijua Dodoma atasema kwamba ile ni nchi kavu, na hakosei sana, maana wastani wa mvua yake ni kama milimita 570 kwa mwaka, na Pemba hupata kama mara tatu ya hiyo. Lakini karibu mvua yote ya Dodoma hushuka baina ya Disemba na Aprili, na aghalabu huja kwa kishindo: mchana jua kali, jioni upepo wenye vumbi, kisha radi, kisha maji. Makorongo ambayo asubuhi ni mchanga mtupu huwa mito usiku. Mwishoni mwa mwaka 2009 mafuriko ya upande ule yaliharibu reli ya kati baina ya Kilosa na Gulwe, treni zikakaa miezi bila ya kupita. Watu wa Unguja wanaikumbuka miezi hiyo hiyo kwa sababu nyingine, kwani tangu Disemba 2009 hata Machi 2010 kisiwa kizima kilikaa gizani kwa kuharibika njia ya umeme utokao bara, na mtaani hakukusikika ila mngurumo wa jenereta.

Turudi Dodoma. Kiasi cha saa 2 usiku umeme ukakatika. Nyumba ya wageni tuliyofikia ilikuwa na jenereta ndogo ya petroli, na kijana wa zamu, kwa kuogopa mvua isiiharibu, akaiweka katika baraza ya nyuma chini ya paa, karibu na dirisha la chumba cha mzee wetu mmoja. Taa zikawaka, tukamshukuru. Mzee akaaga mapema, akisema kichwa kinamgonga. Sote tulidhani ni uchovu wa basi na baridi ya huko. Kiasi cha saa 4 mwenzetu mmoja akaenda kumpelekea chai, akabisha hodi mara tatu bila ya kujibiwa. Alipofungua mlango alimkuta mzee amekaa chini ukutani, ametapika, na maneno hayamtoki sawasawa. Dirisha lilikuwa limefungwa, lakini lile lilikuwa dirisha la vioo vya kupandana, lenye nafasi baina ya kioo na kioo. Tukambeba hadi uani, mvua ikitunyeshea, kisha hospitali. Alhamdulillahi, mzee yu mzima na wengi wenu mmekwisha kumwona. Kijana wa zamu alilia kama mtoto. Hakuna aliyemfundisha jambo hili, na sisi wanne, tulio wakubwa kwake kwa umri, tulipita karibu na ile mashine mara mbili tukaona mambo ni sawa.

Kwa sababu hiyo twaliandika somo hili, tena kwa kuwa tunajua kuwa wanachama wengi wana mashine kama ile majumbani mwao.

Injini yoyote inayochoma petroli au dizeli hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Moshi mtu huuona na huunusa, lakini hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kukaa mahali pa oksijeni, na damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Basi kifua kinapanda na kushuka kama kawaida, na huku mwili unakosa hewa. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na kuchanganyikiwa. Aliye macho huenda akatambua na kutoka. Aliyelala hupita kutoka usingizini hadi kwenye mauti bila ya kujua. Ndiyo hewa ile ile inayotoka katika jiko la mkaa linaloingizwa chumbani wakati wa baridi, illa jenereta huitoa kwa wingi mno: wataalamu wa Marekani wasema jenereta moja ya kawaida yaweza kutoa kiasi kinachotolewa na mamia ya magari yaliyowashwa.

Mwanachama mmoja, tulipomsimulia haya, alituuliza, "Lakini Bwana Katibu, kwani nikifungua madirisha yote na mlango haitoshi?" Haitoshi. Hewa hii haiendi moja kwa moja nje kwa kuwa mlango u wazi. Upepo ukibadilika huirudisha ndani, nayo hujaa chumbani kwa dakika chache kuliko zinazohitajika kuitoa. Barazani hapafai, uani penye kuta nne hapafai, bandani palipofungwa hapafai, na chini ya dirisha ndipo pabaya kabisa. Mahali pake ni nje peupe, mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, yaani kama hatua 8 za mtu mzima, na bomba la moshi lielekee mbali na nyumba yako, tena mbali na nyumba ya jirani. Hili la jirani twalitilia mkazo, kwani katika mitaa yetu iliyobanana mtu huweza kuilinda familia yake na kuihatarisha ya mwenziwe.

Na mvua je? Swali hili ni la haki, kwa sababu ndiyo iliyomponza yule kijana. Jenereta haitakiwi kulowa, na umeme na maji havipatani. Dawa yake ni kipaa kidogo cha bati juu ya nguzo nne, pande zote wazi, na sakafu iliyoinuliwa kidogo ili maji yasituame chini yake. Nguzo za miti na mabati mawili ya zamani zatosha. Kijengwe wakati wa kiangazi. Usiku wa dhoruba hakuna atakayechimba mashimo ya nguzo, kila mtu ataingiza mashine ndani na kusema ni kwa usiku mmoja tu. Mshike kwa mikono mikavu, na kama una viatu vya mpira vivae.

Mkimkuta mtu amezidiwa, fungueni milango, mtoeni nje upesi, zimeni mashine, kisha mpelekeni hospitali hata akisema amepata nafuu. Sababu ni hii: kwa hewa ya kawaida huchukua kama saa 4 au 5 sumu hiyo kupungua nusu katika damu, bali akipewa oksijeni safi huwa kama saa 1. Mwambieni daktari waziwazi kwamba palikuwa na jenereta, maana dalili zake hufanana na za malaria, na nchi yetu kila kichwa kikiuma hudhaniwa ni malaria. Viko pia vyombo vidogo vya betri vinavyolia hewa hii ikiingia ndani. Mwenye kuweza kukipata akiweke karibu na mahali pa kulala.

Wala msidhani kuwa haya ni mambo ya watu wasiosoma. Agosti 2020 tufani lililoitwa Laura lilipiga jimbo la Louisiana, Marekani, na sehemu kubwa ya waliokufa huko waliuawa na hewa ya jenereta baada ya upepo kwisha kupita, wengine nyumba nzima pamoja. Walikuwa wameokoka na dhoruba.

Sasa tuingie katika jambo la pili, ambalo huweza kumuua mtu mwingine asiyekuwa mwenye mashine.

Wako watu, na tusijifanye hatuwajui, ambao hutengeneza waya wenye plagi ya kuchomeka pande zote mbili. Upande mmoja huuingiza katika jenereta, wa pili katika soketi ya ukutani, na nyumba nzima ikawaka. Wengine huuona kuwa ni ujanja mzuri. Lakini nyaya za nyumba yako zimeungana na nguzo iliyo nje, na nguzo imeungana na transfoma. Transfoma kazi yake ni kupunguza umeme, mathalani volti 11,000 au 33,000, uwe wa kutumika nyumbani, volti 230. Ukiupeleka umeme kwa njia ya nyuma, transfoma ile ile huupandisha. Volti 230 za kijijenereta chako hutokea upande wa pili ni maelfu. Na usiku wa baada ya dhoruba ni nani anayezishika nyaya hizo? Ni fundi wa shirika la umeme, wa TANESCO akiwa Dodoma, wa ZECO akiwa kwetu, aliyepanda nguzo ili akurejeshee taa. Yeye anajua kuwa njia imezimwa. Na umeme wa kawaida ukirudi ghafla hali wako unaendelea kuingia, mashine yako itaungua, pengine na nyumba.

Kutazamia kwamba mtu atakumbuka kushusha swichi kuu kila mara ni kuweka roho ya fundi juu ya kumbukumbu ya mtu mwenye usingizi. Itakiwayo ni swichi ya kubadilishia, yenye upande wa shirika na upande wa jenereta, ambayo haiwezi kuwa pande mbili kwa wakati mmoja. Ifungwe na fundi mwenye leseni. Asiye na uwezo nayo aunge vyombo vyake moja kwa moja kwenye jenereta kwa waya mrefu, mnene wa kutosha, usiochubuka wala kuungwaungwa, na usipitishwe chini ya mkeka au katika mlango unaoubana. Waya mwembamba ukibebeshwa mzigo mzito hupata moto. Ukiugusa ukauona una joto, punguza vyombo.

Kadhalika, waya wa nguzo ulioanguka chini usiguswe wala kusogelewa, hata kama mtaa mzima u gizani. Kwa haya tuliyoyaeleza mmekwisha kuona kwa nini waya huo unaweza kuwa na umeme.

Kuhusu ukubwa wa mashine tutasema machache, illa kuna moja tulilojifunza Dodoma ambalo lilitufurahisha. Mwenzetu mmoja alimpelekea kijana wake jenereta ya wati 3300 iliyokuwa ikivuta pampu ya kisima bila ya taabu hapa kisiwani. Huko, pampu ya nguvu ile ile ikaishinda, mashine ikakohoa na kuzima. Baba na mwana wakatuhumiana kwa barua na simu, huyu akisema umeiharibu, yule akisema umenipa mbovu. Kumbe mashine haina kosa. Dodoma iko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya petroli hupoteza kama asilimia 3 au zaidi ya nguvu yake kila mita 300 za kupanda. Hesabuni wenyewe: toa asilimia 12 katika 3300, zimebaki kama 2900. Pampu ya nguvu ya farasi 1 hula kama wati 1000 inapokwenda, lakini inapoanza huweza kuvuta mara tatu yake, yaani 3000. Wati mia moja tu zilipelea. Basi mwenye mashine, popote alipo, ajumlishe wati za vyombo vyake, akumbuke kuwa friji na pampu huvuta zaidi zinapoanza, na aviwashe kimoja kimoja. Birika na pasi aviache. Vumbi la Dodoma huziba chujio la hewa, na chumvi yetu ya baharini hula vyuma, kwa hiyo mashine ikaguliwe kabla ya mvua, huku na huko.

Mwisho ni petroli. Usitie mafuta mashine ikiwa inanguruma au ikiwa ya moto. Izime, ingoja dakika 15 au zaidi ipoe, ndipo umimine, na kwa mwanga wa tochi, si wa kibatari wala mshumaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kuufuata moto ulio mbali. Petroli isitiwe katika chupa za maji ya kunywa. Tumeiona kila mahali, mjini na shamba, nasi tunaichukia, kwa sababu mtoto mwenye kiu hasomi kitu, huona chupa. Ikae katika dumu lake, nje ya nyumba, mbali na jiko. Na msiiweke ghalani pamoja na karafuu. Magunia makavu na makonyo yaliyolundikwa ni kuni tayari, na hata moto usipotokea, karafuu hushika harufu, na mkulima aliyeianika siku kadhaa akiikimbiza na mvua ataikuta ina harufu ya petroli siku ya kuipeleka mizani.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya sala ya adhuhuri, fundi mwenye leseni atakuwapo katika ofisi ya chama na swichi ya kubadilishia ili watu waione na kuishika kwa mikono yao. Wenye jenereta wanaombwa waje na karatasi yenye wati za mashine na za vyombo vyao. Na wenye zile nyaya za plagi pande mbili waje nazo pia. Hatutaandika jina la mtu, ila waya utabaki ofisini.