Mafunzo Niliyopata kwa Kitabu cha Tatu

Nimehariri vitabu kwa zaidi ya miaka 20, na muda mwingi nilijiona mwalimu wa wengine kuhusu namna hadithi inavyofungwa. Aliyenifundisha mimi ni msichana wa kidato cha tatu, saa saba ya usiku, akilia.

Ilikuwa likizo ya Desemba 2013. Binti wa dada yangu alikuja kukaa kwangu na nakala ya Allegiant aliyoletewa na kaka yake. Kitabu kilikuwa kimetoka Oktoba mwaka huohuo. Ni cha tatu na cha mwisho katika mfululizo wa Veronica Roth, Mmarekani aliyekuwa na miaka 25 tu wakati huo. Vya kwanza, Divergent cha 2011 na Insurgent cha 2012, binti yetu alikuwa amevisoma mpaka majalada yamelegea. Wewe unayeandika, au unayetaka kuandika, nakusimulia yaliyonipata ili usipite nilipopita.

1. Usimkemee msomaji anayelia

Niliposikia kilio nilikimbilia chumbani nikidhani kumeingia habari ya msiba. Nikamkuta ameketi kitandani, kitabu kifuani.

"Mama mdogo, wamemuua Tris."

Nikamwambia, "Mwanangu, hicho ni kitabu tu. Zima taa ulale."

Alizima taa. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo hakuniambia tena anasoma nini. Mimi, niliyekuwa nalipwa kutafuta wasomaji, nilikuwa naye mmoja nyumbani kwangu, tena msomaji wa moyo wote, nikamfungia mlango. Msomaji aliyekaa na mhusika mkuu kama Tris kwa vitabu vitatu amefiwa kweli. Kwanza mpe pole. Mambo ya ufundi yatazungumzwa kesho.

2. Usihukumu mwisho kabla hujasoma mwanzo

Kesho yake nilikichukua kile kitabu cha tatu peke yake, nikakisoma kwa siku mbili, nikatoa hukumu mezani wakati wa chai: mwandishi amemuua shujaa wake ili awashtue watu. Wasomaji wengi wa Marekani walikuwa na hasira hiyohiyo, mpaka Roth mwenyewe akaeleza hadharani kwa nini Tris alifikia pale.

Miaka mitatu baadaye nilivisoma vyote kwa mpangilio. Nilishangaa. Hadithi inatokea Chicago ya siku zijazo, ambako watu wamegawanywa makundi matano kwa tabia: wanaojinyima, wajasiri, wapenda amani, wasema kweli na wasomi. Ukifika miaka 16 unachagua pa kuishi maisha yako yote. Tris anazaliwa kwa wanaojinyima, anawaacha, anakwenda kwa wajasiri. Katika kitabu cha kwanza mama yake na baba yake wanakufa wakimlinda. Katika cha pili anajisalimisha mwenyewe kwa maadui. Anasema ni kwa ajili ya wengine, lakini ndani yake ni binti aliyechoka kubeba hatia. Anapokaribia kuuawa ndipo anapogundua kwamba anataka kuishi. Katika cha tatu anaingia penye kifo badala ya kaka yake Caleb, ambaye awali alimsaliti, na safari hii anaingia akiwa anautaka uhai.

Kumbe hatua tatu zimepangwa, moja juu ya nyingine. Kifo kile kilianza kuandikwa tangu mama alipoanguka katika kitabu cha kwanza. Nilichokuwa nimekihukumu kwa siku mbili ndicho kilichokuwa bora zaidi katika kazi nzima.

3. Siri ya mwisho isiidhulumu ahadi ya mwanzo

Basi kama kifo ni sahihi, kwa nini kitabu kinakatisha tamaa? Maana kinakatisha, na hilo sitalificha. Swali hili lilinisumbua kwa sababu lilinigusa mimi mwenyewe.

Katika vitabu viwili vya kwanza, Tris ana kitu cha pekee: hakai katika kundi moja. Ana ujasiri, ana huruma, ana akili ya kuchunguza. Binti yetu alikipenda kitu hicho kwa sababu naye alikuwa akiambiwa shuleni achague, sayansi au sanaa, mpole au mkorofi. Tris alimwambia kwamba mtu anaweza kuwa vyote. Kisha katika kitabu cha tatu wahusika wanatoka nje ya uzio unaouzunguka mji wao, wanafika uwanja wa ndege wa O'Hare uliogeuzwa ofisi ya serikali, na hapo wanaambiwa kwamba jambo lote lilikuwa jaribio la vinasaba. Wengine damu yao imeharibika, wengine imepona. Tris ni mmoja wa waliopona.

Roth anaandika kupinga ubaguzi huo, na nia yake ni njema. Lakini msomaji amekwisha kunyang'anywa kitu. Kilichokuwa uchaguzi wa moyo kimekuwa kipimo cha maabara. Tena maelezo yanamiminika kurasa kwa kurasa, na watu wapya wanaingia wakati ambapo msomaji anataka kukaa na wale wa zamani, wale aliowazoea. Mwandishi Suzanne Collins katika Mockingjay, 2010, kitabu cha tatu cha mfululizo wake, naye aliwaumiza wasomaji wake, lakini kwa njia nyingine: shujaa wake Katniss alianza safari ili kumwokoa mdogo wake Prim, na Prim ndiye anayekufa. Kidonda kinatoka palepale hadithi ilipoanzia.

Nami nilikuwa na muswada wangu wa vitabu vitatu vya vijana. Siri kubwa nilikuwa nimeificha mpaka sura ya kumi ya kitabu cha tatu, na nilijivunia sana kwamba hakuna atakayeibashiri. Mhariri kijana, mdogo kwangu kwa miaka 30, aliniandikia mstari mmoja: hakuna atakayeibashiri kwa sababu haimo. Nilikaa na hasira wiki nzima, kisha nikafungua kitabu cha kwanza kuitafuta. Haikuwamo.

4. Sauti mpya hubeba habari hata usipotaka

Vitabu viwili vya kwanza anasimulia Tris peke yake. Katika Allegiant anapokezana na Tobias, kijana anayempenda. Binti yetu aliniambia baadaye kwamba alipofika sura ya Tobias alisimama akajiuliza: huyu wa nini sasa? Alikuwa amekwisha kuhisi kwamba lazima abaki mtu wa kusimulia. Na shida nyingine ni kwamba sauti zao zinafanana mno. Mara mbili nililazimika kurudi juu ya sura nione jina la anayesema.

Ukihitaji msimulizi wa pili, mlete mapema, na mpe ulimi wake.

5. Shujaa apimwe kwa kipimo alichowapimia wengine

Ofisi ile ya uwanja wa ndege inataka kufuta kumbukumbu za watu wa Chicago kwa dawa. Tris na wenzake wanaliona hilo ni dhuluma kubwa. Suluhisho lao ni kuwafutia kumbukumbu watu wa ofisi ile. Nilisubiri mmoja wao alione hilo kwa uzito wake, alilie, alikatae. Hawakulipatia nafasi ya kutosha. Nalihesabu kuwa kosa kubwa kuliko yote, kubwa kuliko kifo chochote, kwa sababu vijana wanaosoma wanajua dhuluma inapobadilishwa jina.

6. Mwisho upewe muda wake

Roth alitoa vitabu vitatu katika miaka mitatu. Mimi niliwahi kumdai mwandishi wangu kitabu cha kufunga mfululizo ndani ya miezi tisa, kwa kuwa cha pili kilikuwa kinauzika. Aliniomba miezi sita zaidi, nikamnyima. Kitabu kilitoka kwa tarehe niliyoitaka, na wasomaji wake hawakurudi. Kosa lilikuwa langu, naye ndiye aliyelaumiwa. Nilimwandikia kumwomba radhi nilipostaafu.

Binti yetu naye nimemwomba radhi kwa maneno ya usiku ule. Sasa ni mtu mzima, tunasoma pamoja. Muswada wangu nimeutoa kabatini, na ile siri nimeishusha hadi sura ya pili ya kitabu cha kwanza. Wewe mwenye mfululizo wako mezani, kabla hujaandika ukurasa wa mwisho, rudi kwanza uusome ule wa mwanzo.