Kuuhuisha Uwanja wa Nyasi Baada ya Ukame

Ukame unapopita, uwanja wa shule, wa zahanati au wa nyumbani hubaki mkavu, mgumu, na wengi huamini umekufa. Tunakuomba usikodi vibarua wa kuung'oa kabla ya kuupima. Ukoka, unaofunika viwanja vingi vya pwani na bara, huacha majani yake yakauke wakati wa kiangazi huku mashina ya chini ya ardhi yakiendelea kuishi.

Shika konzi ya nyasi uvute taratibu. Zikishikilia, kwangua kwa ukucha shina lililo karibu na udongo. Ukiona weupe au ukijani wenye unyevu, nyasi hizo zi hai. Zikitoka zote na mizizi yake bila kubisha, na shina likavunjika kama ubua, hapo pamekufa. Pima sehemu nyingi, na kila palipokufa choma kijiti. Mara nyingi utakuta ni mabaka tu ya kupanda upya.

Maji na hesabu yake

Watu wengi humwagilia kidogo kila jioni. Maji hayo hulowesha juu tu, mizizi hubaki karibu na uso wa ardhi, na jua la kesho yake huikausha. Afadhali kumwagilia mara moja kwa wiki, alfajiri, mpaka maji yazame. Kipimo kinachotosha ni milimita 25 kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita moja ya mraba. Uwanja mdogo wa mita 10 kwa 10 unahitaji lita 2,500, sawa na madumu 125 ya lita 20. Ni kaya chache zenye maji hayo, na penye mgao si haki kuyamwaga kwenye nyasi wakati majirani wanapanga foleni bombani.

Kwa hiyo fanya kazi hii kwa kufuata mvua. Penye misimu miwili, subiri masika ya Machi hadi Mei au vuli ya Oktoba hadi Desemba. Dodoma na Singida, ambako mvua ni ya msimu mmoja, usiipitishe Desemba au Januari. Maji ya kusuuzia nguo yanaweza kusaidia mabaka machache, mradi hayana jiki.

Udongo kwanza

Hapa ndipo nguvu zako nyingi ziende. Ardhi iliyokanyagwa miezi mingi bila mvua hushikamana, na mvua ya kwanza huteleza juu yake ikakimbilia mtaroni. Baada ya manyunyu ya mwanzo kuilainisha, ichome kwa jembe la meno, ukizamisha meno kadiri ya sentimita 10, kisha litikise na kulichomoa bila kupindua udongo. Rudia kila baada ya hatua fupi. Kusanya majani makavu kwa reki, kisha tandaza mboji au samadi iliyooza vizuri, iliyochekechwa, isiyozidi unene wa sentimita 1. Samadi mbichi huunguza. Mbolea ya chumvichumvi isubiri hadi nyasi zichipue na ardhi iwe na unyevu.

Kwenye mabaka, panda pingili za ukoka kutoka sehemu yenye afya, kila moja iwe na vifundo viwili au vitatu. Zifukie nusu, ukiziachanisha kwa sentimita 15 hivi, na uzikanyage kidogo zishike udongo. Chini ya mwembe wenye kivuli kizito ukoka hautastawi. Paache pawe pa kukaa watu. Nyasi za Kikuyu zinapenda baridi ya nyanda za juu, basi usizipeleke kwenye joto la pwani.

Ndago huota haraka kuliko ukoka. Kuifyeka hakusaidii, kwa sababu hurudi kutoka kwenye vinundu vilivyo ardhini. Ichimbue na vinundu vyake vyote. Mbigili ing'oe kabla haijatoa miiba, kwani watoto hucheza pekupeku.

Usikate nyasi mapema. Zikifika sentimita 7 au 8, punguza theluthi moja tu, kwa fyekeo lenye makali.

Walimu wakuu na wenye nyumba, tunawasihi: zungushieni kamba au matawi ya miiba, zuieni mbuzi, na mechi zihamie kwingine mpaka mabaka yote yafungane.