Bakteria wa Vidonda vya Tumbo: Namna Walivyotambulikana

Kwa miaka mingi vidonda vya tumbo vilinasibishwa na fikra nyingi na pilipili; pilipili ilisingiziwa. Mnamo mwaka 1982, huko Perth, Australia, madaktari Robin Warren na Barry Marshall walijaribu kuotesha bakteria waliojisokota, walioonekana katika utando wa matumbo ya wagonjwa. Sahani za maabara zilikuwa zikitupwa baada ya siku mbili bila ya kuota kitu. Sikukuu ya Pasaka ilipochelewesha kazi hadi siku ya tano, bakteria walionekana wameota. Awali walihesabiwa katika jamii ya Campylobacter. Mwaka 1989 walitengwa, wakaitwa Helicobacter pylori. Hivi sasa mgonjwa aliyepimwa akaonekana nao hutibiwa kwa antibiotiki, naye hutakiwa kuzimaliza zote.