MAKAA YA MAWE NA CHAKULA: MOSHI UNAKWENDA WAPI?



Mipango mingi ya kusindika mazao huanza na bei ya mashine. Tunashauri ianze na moto: tutatumia kuni, mkaa au makaa ya mawe, na moshi wake utakwenda wapi? Historia ya viwanda vya bia nchini Uingereza inatufundisha kwa nini swali hili ni la lazima.

Tujifunze

Bia hutengenezwa kwa kimea cha shayiri, nacho hukaushwa kwa moto. Makaa ya mawe yalipatikana kwa wingi, lakini moshi wake wenye salfa uliharibu ladha. Katika karne ya 17, watu wa Derbyshire walianza kuyachoma kwanza kwa hewa kidogo ili moshi utoke, kisha wakakaushia kimea kwa yale yaliyobaki, yaitwayo koki. Ladha ikawa nzuri.

Hata hivyo, ladha nzuri siyo uthibitisho wa usalama. Mwaka 1900, Manchester na miji ya jirani, zaidi ya watu 6,000 waliugua kwa kunywa bia yenye sumu ya aseniki, na wasiopungua 70 walifariki. Chanzo kikubwa kilikuwa sukari iliyotiwa kwenye bia, ambayo ilitengenezwa kwa asidi ya salfa yenye sumu hiyo. Lakini Tume ya Serikali iliyoongozwa na Lord Kelvin iligundua jambo la pili: kimea kilichokaushwa juu ya makaa ya mawe au koki nacho kilipokea aseniki kutoka kwenye moshi. Tume ikapendekeza kiwango cha mwisho cha aseniki katika vyakula na vinywaji.

Njia iliyo salama ni kutenganisha moto na chakula. Katika boila, moto huchemsha maji, mvuke hupita kwenye mabomba, na chakula hupata joto bila kukutana na moshi.

Je, tatizo limekwisha? Hapana. Mlaji amepona, lakini salfa, vumbi na majivu humwendea jirani na mto wake. Ndiyo maana kiwanda kinachoweza kutumia mabaki ya mazao yake kina nafasi nzuri zaidi. Viwanda vya sukari vya TPC Moshi na Kilombero huchoma makapi ya miwa kupata mvuke na umeme. Makapi nayo hutoa moshi na majivu, hivyo usimamizi ni ule ule.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, moshi wa kikaushio chetu unagusa chakula?
2. Bomba la moshi linaelekea kwa nani, na majivu yatatupwa wapi?
3. Tuna mabaki gani ya mazao yanayoweza kuwa nishati?
4. Je, bajeti inayopelekwa kwa wafadhili ina fungu la bomba la moshi na shimo la majivu?

Tunaziomba kamati zijibu maswali haya kwa maandishi kabla ya kununua mashine yoyote.