Kisu cha Springi na Mpini wa Nakshi

Mtu atokaye katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Kamukunji husikia kazi ya mafundi kabla hajawaona, kwa mlio wa nyundo. Mafundi hao huitwa Jua Kali kwa sababu kwa miaka mingi walifanya kazi pasipo paa juu ya vichwa vyao. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea akaahidi kuwajengea mabanda. Jambo hilo lilikuwa na faida kubwa kuliko wengi walivyodhani, maana mfua visu hawezi kusoma rangi ya moto juani. Chuma kilicho chekundu gizani huonekana cheusi mchana wa saa sita, na fundi asiyejua hayo hukichoma kupita kiasi.

Ufundi wenyewe ni wa kale katika nchi hii. Wahunzi wa Kikuyu walikusanya mchanga wa chuma vijitoni, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto. Habari za kazi hiyo zimo katika kitabu cha Jomo Kenyatta, “Facing Mount Kenya”, kilichotolewa mwaka 1938. Siku hizi hakuna haja ya kuosha mchanga. Springi kuukuu ya gari ina pua nzuri, yenye kaboni kadiri ya sehemu 6 katika 1,000, nayo yafaa sana kwa kisu.

Lakini si kila springi. Iliyovunjika gari likiwa safarini huenda ina nyufa nyingine zisizoonekana, nazo zitajitokeza kisu kikiisha tengenezwa. Afadhali kununua isiyovunjika. Tena chuma kilichopakwa zinki kisitiwe motoni kabisa, kwa kuwa moshi wake humdhuru avutaye pumzi karibu nao.

Kipande hukatwa, kikatiwa katika makaa na kupulizwa mpaka kiwe na rangi ya machungwa. Hapo hushikwa kwa koleo na kufuliwa juu ya fuawe: ncha kwanza, kisha makali, na mwisho msuka, yaani sehemu itakayoingia mpinini. Rangi ikififia, kazi ikome na chuma kirudi motoni. Kupiga chuma kilichopoa ni kukipasua. Umbo likiisha kupatikana, bapa lipashwe moto hadi liwe jekundu na kuachwa lipoe lenyewe hewani, mara tatu. Wengi huruka hatua hii kwa haraka ya kuuza, ndipo visu vyao hupinda. Kisha tupa hufanya kazi yake, lakini makali yaachwe na unene wa milimita 1 hivi, yasije yakaungua au kupasuka.

Sasa huja saa ambayo kazi ya siku mbili yaweza kupotea kwa dakika moja. Bapa hupashwa moto kivulini, polepole na kwa usawa, na fundi hulijaribu kwa sumaku. Sumaku ikikataa kushika, joto limefika nyuzi 770 za sentigredi au zaidi kidogo. Huongezwa moto kidogo tu, kisha bapa huzamishwa wima, ncha mbele, katika mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto kiasi. Lisiinamishwe upande, maana litapinda. Maji hupoza springi kwa ghafula mno, na mara nyingi husikika mlio mdogo, “tii”, ambao ni mlio wa ufa. Chombo cha mafuta kiwe cha chuma, na kifuniko kiwe karibu, kwa kuwa mafuta huweza kuwaka.

Tupa ikiteleza juu ya makali bila kushika, chuma kimekuwa kigumu. Ila ni kigumu kama kioo, na kikianguka sakafuni chaweza kukatika vipande viwili. Kwa hiyo husuguliwa hadi king'ae, kikatiwa katika joto la nyuzi 200 kwa muda wa saa mbili. Asiye na tanuri hupasha moto pande zito la chuma, akalaza mgongo wa kisu juu yake na kuangalia rangi ikitambaa kuelekea makali. Ikifika manjano ya nyasi kavu, kisu huondolewa upesi. Ikigeuka buluu, makali yamelainika, na hapana budi kurudia kuzima upya. Visu vingi visivyokata hata kitunguu viliharibiwa hapa, wala si chini ya nyundo.

Kwa mpini, Nairobi haikosi mbao. Maseremala wa Barabara ya Ngong hutupa vipande vinavyotosha kabisa. Muhugu huota katika misitu ya upande huo wa jiji, ila umekatwa sana na wachonga vinyago, kwa hiyo mbao za mabaki ni bora kuliko kuangusha mti. Mpingo ni mgumu na mzuri, lakini una mafuta. Usipofutwa kwa spiriti gundi haishiki, na vumbi lake huwasha, basi fundi azibe pua.

Vipande viwili vya mbao hubanwa pande mbili za msuka na kutobolewa kwa keekee, kisha misumari ya shaba hupitishwa na kugongwa pole pole. Nakshi yafaa kuigwa kutoka vigoda vya Wakamba, vilivyopambwa kwa waya wa shaba. Mfereji mwembamba huchorwa kwa kisu kikali, upungue kidogo kuliko unene wa waya. Waya hugongwa ndani, ukapigwa tupa hadi ulingane na mbao. Msasa hufuata, halafu mafuta ya linsidi, siku tatu mfululizo, kila mara yakifutwa kwa kitambaa.

Kisu cha namna hii kisilowekwe majini usiku kucha. Maji yakipenya chini ya mbao, kutu hula msuka pasipo kuonekana.