Bei ya kazi ya tovuti: Saa zisizouzwa ndizo zinazokula mtaji

MFANYABIASHARA akiulizia bei ya kutengenezewa tovuti kwa mafundi watatu jijini Dar es Salaam, asishangae kupewa bei tatu zilizo mbali kabisa. Mmoja atasema laki tano, wa pili milioni mbili na ushei, na wa tatu ataanza kwa kuuliza mteja ametenga kiasi gani. Tofauti hiyo haitokani na ujuzi peke yake. Mara nyingi anayetaja bei hajui saa yake moja ya kazi inamgharimu shilingi ngapi.

Suala hili linawagusa watu wa aina tatu: fundi anayeuza kazi, mwenye duka au kampuni anayeinunua, na mwekezaji mdogo anayeombwa kutia mtaji katika ofisi ya vijana wa kompyuta. Bidhaa ya dukani ina bei ya kununulia, na muuzaji anajua kwamba akishuka chini ya hapo anakula hasara. Tovuti haina bei ya namna hiyo. Kinachouzwa ni muda, na muda uliopotea hauonekani kwenye rafu wala stoo.

Gharama ya saa moja

Chukua mfano wa fundi wa kufikirika anayefanya kazi peke yake. Mahitaji yake ya mwaka mmoja ni haya:

Mshahara wake (Sh. 1,200,000 kwa mwezi): Sh. 14,400,000
Pango la chumba cha ofisi: Sh. 3,000,000
Intaneti na simu: Sh. 1,800,000
Umeme na usafiri: Sh. 2,400,000
Uchakavu wa kompyuta ya Sh. 2,400,000 inayodumu miaka 3: Sh. 800,000
Leseni, programu za kulipia na mhasibu: Sh. 1,600,000
Jumla: Sh. 24,000,000

Msomaji aangalie kwamba mshahara wa mwenye ofisi umo ndani ya hesabu. Asiyejilipa huona faida ambayo haipo, kwa kuwa anachokiita faida ni jasho lake mwenyewe. Uchakavu nao umo, kwa sababu kompyuta ikifa baada ya miaka mitatu lazima fedha ya kununua nyingine iwepo.

Hatua ya pili ni saa. Mwaka una wiki 52. Zikiondolewa wiki 4 za likizo, sikukuu na ugonjwa, zinabaki 48. Kwa saa 40 kila wiki, jumla ni saa 1,920. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanagawa Sh. 24,000,000 kwa saa 1,920, wanapata Sh. 12,500, na kudhani wameshajua gharama yao.

Saa hizo 1,920 haziuzwi zote. Kuna kutafuta wateja, kuandika profoma, kukaa foleni za jiji kwenda kuonana na mkurugenzi ambaye ametoka, kufuatilia madeni, kujifunza mambo mapya na kutunza hesabu. Hakuna mteja anayelipia kazi hizo. Fundi anayefanya kazi peke yake akiweza kuuza nusu ya muda wake, hajafanya vibaya. Nusu hiyo ni saa 960. Sh. 24,000,000 zikigawanywa kwa saa 960, gharama halisi ya saa moja ni Sh. 25,000, yaani mara mbili ya hesabu ya kwanza. Akiongeza faida ya asilimia 20, saa moja itauzwa Sh. 30,000.

Anayeuza kwa Sh. 15,000 akiamini anapata faida ya Sh. 2,500 anapoteza Sh. 10,000 kila saa anayoiuza. Kadiri anavyopata kazi nyingi kwa bei hiyo, ndivyo anavyozidi kuchoka bila fedha kuonekana.

Kutoka saa hadi profoma

Tuseme muuza vifaa vya ujenzi wa jumla anataka tovuti yenye kurasa 12, orodha ya bidhaa na fomu ya maulizo. Fundi aigawe kazi vipande vipande kabla ya kutaja bei:

Mazungumzo na mpango: saa 6
Kubuni sura ya tovuti: saa 12
Kujenga kurasa: saa 20
Kuingiza maandishi na picha: saa 8
Kujaribu na kusahihisha: saa 8
Kufundisha watumishi na kukabidhi: saa 6
Jumla: saa 60

Saa 60 kwa Sh. 30,000 ni Sh. 1,800,000. Iongezwe akiba ya asilimia 10 kwa yasiyotarajiwa, Sh. 180,000. Jina la tovuti na nafasi kwenye seva kwa mwaka mmoja, tuseme Sh. 220,000. Jumla inafika Sh. 2,200,000. Fundi aliyesajiliwa VAT ataongeza kiwango cha kawaida cha asilimia 18, ambacho ni Sh. 396,000, na mteja atalipa Sh. 2,596,000. VAT si mali ya fundi. Akiisahau kwenye profoma, ataitoa mfukoni mwake.

Mteja atasema amepata kijana wa laki tano. Jibu si kuteremsha bei ya saa, ni kupunguza kazi. Kurasa 12 zinaweza kuwa 5, na mteja akaleta picha na maandishi yaliyo tayari. Saa zikishuka hadi 30, hesabu inakuwa Sh. 900,000, akiba Sh. 90,000 na gharama za nje Sh. 220,000. Jumla ni Sh. 1,210,000. Mteja amepunguziwa karibu milioni moja, na saa ya fundi bado ni Sh. 30,000.

‘Kidogo tu, ndugu yangu’

Wengi wanalaumu ushindani wa bei, lakini hasara kubwa huingia baada ya bei kukubaliwa. Mteja anapiga simu: “Ndugu yangu, ongeza hapo ukurasa mmoja tu.” Kesho rangi hazimpendezi. Keshokutwa mkurugenzi amerudi safari na anataka Kiingereza na Kiswahili.

Nyongeza hizo zikifika saa 24, kazi ya saa 60 imekuwa ya saa 84. Kwa Sh. 25,000 kila saa, gharama ni Sh. 2,100,000. Malipo ya kazi pamoja na akiba yalikuwa Sh. 1,980,000. Fundi amepoteza Sh. 120,000 kwa kazi ambayo siku ya kusaini ilikuwa na faida.

Dawa yake ni karatasi. Mkataba utaje idadi ya kurasa, nani analeta maandishi na picha, marekebisho yatafanywa mara ngapi (mara mbili inatosha), na kwamba kinachozidi kitalipiwa Sh. 30,000 kwa saa baada ya mteja kukubali kwa maandishi. Mkataba wa namna hii unamlinda mnunuzi pia, kwani unamwezesha kudai kila kilichoandikwa.

Dola na kodi

Seva nyingi hulipiwa kwa dola. Dola iliyokuwa kiasi cha Sh. 2,300 mwaka 2022 ilivuka Sh. 2,700 mwaka 2024. Nafasi ya dola 60 kwa mwaka ilipanda kutoka Sh. 138,000 hadi zaidi ya Sh. 162,000. Aliyemwahidi mteja bei moja kwa miaka mitatu aliibeba tofauti hiyo peke yake. Aidha, kanuni za mwaka 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutaja bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma zinazouzwa nchini. Hivyo profoma iwe ya shilingi, na iseme kwamba gharama ya seva itapangwa upya kila mwaka.

Kuhusu kodi, kampuni inayolipia huduma ya kitaalamu kwa mkazi wa nchini inatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Katika kila laki moja, fundi atapokea Sh. 95,000. Fedha hiyo haijapotea, kwa sababu huhesabiwa katika kodi yake ya mapato ya mwaka, ila lazima adai hati ya makato. Bila hati hana ushahidi.

Malipo na matunzo

Malipo yafuate hatua za kazi. Kwa Sh. 2,200,000, mgawanyo wa asilimia 40, 30 na 30 unaleta Sh. 880,000 siku ya kusaini, Sh. 660,000 sura ikikubaliwa, na Sh. 660,000 siku ya makabidhiano, kabla tovuti haijafunguliwa kwa umma. Awamu ya kwanza inalipia seva na wiki za mwanzo. Fundi anayeanza bila kianzio anamkopesha mteja bila riba.

Baada ya makabidhiano, matunzo yawe na mkataba wake. Saa 3 kwa mwezi ni Sh. 90,000. Wateja watano wa aina hiyo wanaleta Sh. 450,000 kila mwezi, zinazotosha kulipa pango, intaneti na simu hata mwezi usio na kazi mpya.

Mnunuzi naye ahakikishe jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la kampuni yake. Majina yanayoishia na .tz huuzwa kupitia mawakala waliosajiliwa. Likiandikwa kwa jina la fundi, siku wakigombana mwenye duka anaweza kujikuta hana anwani aliyoitangaza kwa wateja wake.

Kwa mwekezaji anayeombwa kuweka fedha katika ofisi ya namna hii, orodha ya wateja wakubwa isimvutie haraka. Aombe daftari la saa la miezi sita iliyopita: zilizofanyika, zilizouzwa na zilizolipwa. Daftari lisipokuwepo, mwenye ofisi hajui gharama yake, na mtaji utakaoingia utaanza kwa kuziba pengo ambalo hakuna aliyelipima.